Staa Kanyonya Oili Juu kwa Juu, Mafundi wa Gerezani Wamenuna: Mi Nasema Hivi

Wadau, najua wengi wenu mmeshaiona. Staa mmoja wa hapa mjini, jina nalihifadhi maana hapendi kutajwa bila kulipwa, kajirekodi yuko kwenye maegesho ya nyumbani kwake. Kavaa nyeupe juu mpaka chini, raba nyeupe, kafungua boneti, kachomoa dipstiki, kaingiza kimpira chembamba, kaanza kupiga pampu kwa mkono kama mtu anayejaza upepo baiskeli. Baada ya muda oili yote iko kwenye chupa. Hakuinama, hakulala chini ya gari, hata kucha hazikuguswa. Akamalizia kwa kusema enzi za kwenda kupoteza nusu siku Gerezani kumwaga oili zimeisha.

Basi mjini pakawaka. Upande mmoja vijana wenye baby walker zao wanauliza hiyo pampu inapatikana duka gani Kariakoo. Upande mwingine mafundi, na hasa wale mafundi wa kwenye simu ambao hawajawahi kushika spana, wanaapa kwamba ukinyonya oili injini inakufa mapema. Mpaka mzee mmoja kachomekea kwamba kunyonya tulishakupiga vita tangu Azimio la Arusha mwaka 1967. Hapo nilicheka. Ila hili suala lina hela za watu ndani yake, na lina maisha ya watu pia, kwa hiyo tusiishie kucheka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma asepe: pampu haiui injini. Lakini wengi wenu mnaoitaka, mnaitaka kwa ajili ya ugonjwa ambao pampu haiutibu.

Tuanze na hawa wanaosema inaua injini. Ndugu yangu, hilo gari lako umelitoa wapi? Si Japani? Sasa huko Japani kunyonya oili kwa juu siyo ujanja wa mtandaoni, ni huduma ya kawaida kabisa kwenye vituo vya mafuta. Wana mpaka majina ya hizi njia mbili. Kutoa kwa juu wanaita uwanuki, kutoa kwa chini wanaita shitanuki, na wenyewe wanabishana kama nyie tu. Inawezekana kabisa IST yako ilinyonywa mara kumi kabla haijapanda meli, afu ikashuka bandarini Dar iko fresh, ukaipiga picha ukaandika "Mungu ni mwema". Leo unaniambia pampu ni sumu?

Waulizeni na watu wa boti. Boti yenye injini ya ndani, ile iliyokaa tumboni mwa chombo, chini yake hakuna nafasi hata ya kupitisha mkono, sembuse beseni la kukingia oili. Wanapitisha mpira kwenye tundu la dipstiki, wananyonya, maisha yanaendelea. Na kuna kale kagari kadogo ka Smart, toleo lake la kwanza, waliokatengeneza hawakukawekea hata nati ya kumwagia. Usiponyonya kwa juu basi ufungue sampo zima.

Hoja ya mafundi yenye nguvu ni moja tu, nayo ni tope. Wanasema ukinyonya unaacha uchafu mzito chini ya sampo, lile bakuli la chini ya injini, wakati ukifungua nati uchafu wote unatoka na maji yake. Hii ina ukweli, ila ni ukweli wa nusu. Oili za siku hizi zina dawa ndani yake ya kusafisha na ya kuubeba uchafu uelee, usitue chini. Ndiyo maana oili nzuri inakuwa nyeusi haraka, na siyo kwamba imeharibika, inafanya kazi yake. Ukiwasha gari dakika kadhaa ikapata uvuguvugu, ule uchafu unatoka na oili iwe kwa juu au kwa chini. Lile tope lililogandamana kwa miaka kama masizi ya sufuria ya mama lishe, hilo hata ufungue nati likakae wazi usiku kucha, halitoki. Kinachobaki ni vipande vizito, chembechembe za chuma. Hivyo kweli nati ya chini inavitoa vizuri kuliko mpira.

Na msisahau hata ukifungua nati kuna oili inabaki, maana tundu halipo chini kabisa kila gari. Kuna injini pampu inatoa nyingi kuliko nati, kuna injini pampu inaacha nusu lita kwa sababu bomba la dipstiki limeishia mahali ambapo mpira haufiki chini. Inategemea gari. Ndiyo maana anayenyonya lazima apime alichotoa. Huu ndio mtego ambao klipu ya staa haikuuonyesha: ametoa kiasi gani? Injini ya Toyota 1NZ, hii iliyojaa mjini kwenye IST, Raum, Spacio na Premio za cc 1500, inakula kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Sasa wewe umenyonya lita 3, afu ukamimina 3.7 kwa sababu ndivyo ulivyosoma. Umezidisha. Oili ikizidi sana krenki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu, na sili zinaanza kuvuja. Injini ikifa hapo pampu inasingiziwa. Mimina kidogo kidogo, subiri, chomoa dipstiki, soma. Hamna ujanja mwingine.

Kingine, hizi pampu za umeme za kufunga kwenye betri ya gari ni za oili tu, siyo za petroli. Narudia kwa wale wenye mawazo ya kunyonya mafuta ya gari la shemeji: pampu ya oili ukiitia petroli unacheza na moto, na siyo kwa maana ya mfano. Na mpira ule wa bei chee ukiuingiza kwenye oili inayochemka unalainika, unaweza kukatikia ndani. Uvuguvugu unatosha. Na yule wa kunyonya kwa mdomo kama anavyonyonya petroli kwenye dumu, huyo sina cha kumwambia, mapafu yake yatamwambia.

Sasa twende kwenye kiini. Filta.

Gari la yule staa ni la Kijerumani. Benz na BMW nyingi filta yake imekaa juu kabisa ya injini, unafungua boneti unaiona inakusalimia, unafungua kifuniko, unatoa kikaratasi cha zamani, unaweka kipya. Subaru Forester zenye injini za FB, zile zilizokuja baada ya EJ, nazo filta iko juu. Kwa watu hao pampu ina mantiki kamili. Kila kitu kinafanyika juu kwa juu, gari halinyanyuliwi, raba inabaki nyeupe. Sina ugomvi nao hata kidogo, na kama una gari la hivyo na umeamua kununua pampu, kanunue.

Lakini wewe wa IST? Filta yako iko chini. Utanyonya oili kwa juu kwa mbwembwe zote, afu itabidi uende chini ya gari kuifungua filta. Ukishakuwa chini na umelala kwenye boksi lako, nati ya sampo iko karibu na pua yako, spana namba 14, unafungua oili inatoka yenyewe bure bila pampu. Sasa pampu ilikuwa ya nini?

Jibu mnalijua. Hamuendi chini. Mnanyonya, mnamimina oili mpya, mnafunga boneti, filta ya zamani mnaiacha "mpaka servisi ijayo". Na servisi ijayo mnanyonya tena. Hapo ndipo injini inapofia, wala siyo kwenye mpira. Filta nyingi hizi za kufungwa kwa kuzungusha zina vali ndani yake: ikiziba, vali inafunguka ili injini isikose oili, na hiyo oili inapita bila kuchujwa. Yaani gari linatembea kama kawaida, taa haiwaki, kelele hamna, huku uchafu unazunguka kila kona. Na ile VVT-i mnayojidai nayo inaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye kivali chenye kichujio kidogo sana. Kikiziba, gari linaanza kukosa nguvu mlima wa Magomeni na fundi anakuuzia plagi mpya.

Ndani ya filta ya 1NZ peke yake kunabaki kama lita 0.3 ya oili chafu. Ongeza na hiyo ambayo mpira umeshindwa kuifikia, tuseme nyingine kiasi hicho hicho. Umeshapata lita 0.6 kwenye 3.7, karibu asilimia 16 ya oili yako "mpya" ni ya zamani. Umelipia chai mpya, umechanganya na makapi ya jana.

Sasa kwa nini watu wanakimbilia pampu hata kama haiwafai? Hapa ndipo nataka tuongee kiutu uzima. Wengi hamkimbii oili kwenye shati. Mnamkimbia fundi.

Na mnazo sababu. Kila mtu mjini ana stori. Jirani yangu mtaa wa Sikukuu alipeleka gari gereji moja, siitaji, akaenda kunywa supu. Karudi kaambiwa tayari. Mwezi haujaisha oili inadondoka chini kama bomba la maji, kumbe nati ilikazwa kwa spana iliyoongezewa bomba refu mpaka nyuzi za sampo zikakatika, afu ikazungushiwa uzi mweupe wa mafundi bomba na kupakwa gundi. Mwingine kapigwa filta: ya zamani ikafutwa na kitambaa, ikarudi ikiwa inang'aa. Mwingine kanunua oili ya chapa kubwa, kumbe chupa ni ya kweli, kilichomo ndani ni cha kuchanganya uani kwa mtu. Tume ya Ushindani, FCC, kazi yake mojawapo ni kukamata bidhaa bandia, na oili siyo mgeni kwenye orodha zao.

Kwa hiyo kijana anaona bora anyonye mwenyewe getini. Namuelewa kabisa. Ila tazama: pampu inakutibu oili feki? Haikutibu. Ile ile utainunua dukani, utaimimina mwenyewe kwa mikono yako misafi. Inakutibu filta? Tumeshaona. Inakutibu kitu kimoja tu, nati kukazwa kishamba, na hilo lina dawa rahisi zaidi. Nenda Gerezani na filta yako mkononi, uliyoinunua mwenyewe, na washa mpya ya nati, kale kaduara kadogo ka kuzuia kuvuja ambako wengi hawabadilishi. Andika tarehe na kilomita juu ya filta kwa kalamu ya wino mzito. Simama pale. Supu utakunywa baadaye. Mwambie fundi aanze kuizungusha nati kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndio spana iguse, spana fupi, bila bomba. Chupa tupu za oili ondoka nazo, zitoboe, maana hizo chupa nzima ndizo zinazorudi mtaani zimejazwa takataka. Fundi akinuna, hamia wa pili, Gerezani mafundi hawajaisha.

Nawaambia na hili: ukinunua oili kwa wengi wa pale, kumwaga ni bure au ni hela ya soda. Pampu utaitumia mara tatu kwa mwaka, afu itakaa chini ya kitanda inanuka.

Sisi watu wa Dar hatusemi kubadilisha oili. Tunasema kumwaga. "Kesho naenda kumwaga oili." Neno moja limebeba kila kitu, filta, kuangalia maji ya rejeta, kupima breki, fundi kugonga gonga chini na kusema "bosi, hii bushi imekwisha". Na hicho cha mwisho ndicho ambacho pampu inakinyima kabisa.

Magari yetu ni ya zamani, tusidanganyane. Gari la mwaka 2005 leo lina miaka ishirini na kitu, na limepita kwenye barabara za mitaa ambazo zikinyesha mvua mbili zinakuwa handaki. Buti la driveshaft likichanika, grisi inaruka nje na mchanga unaingia. Ukiliona mapema unabadilisha kimpira. Usipoliona unabadilisha shafti nzima. Shokapu inayovuja, bomba la breki lililoanza kutu, sili ya nyuma ya krenki inayotoa jasho, vyote hivi havionekani ukiwa umesimama juu na raba nyeupe. Mtu anapaswa kuingia chini ya hilo gari kila baada ya miezi kadhaa, awe wewe, awe fundi. Na nati yenyewe ina habari za kukupa. Fundi mzuri akiifungua anaifuta na kidole, anaangalia kama kuna unga wa chuma unaometa. Kidogo ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika, hapo kaa kitako, una mazungumzo.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "nimenyonya miaka miwili sijawahi kwenda gereji" simpongezi.

Haya, wale wa kumwaga msije mkashangilia mkadhani mmeshinda. Nina neno na nyie.

Pita Gerezani mchana, pita mitaa ya nyuma ya Msimbazi, utaona miguu miwili imechomoza chini ya gari. Gari limesimama kwenye jeki. Jeki tu. Labda na jiwe. Bodaboda inapita sentimita kumi kutoka kwenye vidole vya miguu. Ardhi yenyewe ni mchanga uliolowa oili ya miaka. Jeki ni ya kunyanyulia, haikutengenezwa kumshikilia mtu roho yake. Ikiteleza hakuna msalie mtume, ni tani moja inakuja kifuani. Na sasa naona vijana wanaiga nyumbani, barabarani nje ya ghorofa, tairi halijawekewa kizuizi, kisa wameona video ya mzungu anayefanya kwenye gereji ya nyumbani yenye sakafu ya zege na stendi nne za chuma. Huna hiyo sakafu, bwana mdogo. Unaishi ghorofa ya nne mtaa wa Mchikichi, unaegesha barabarani, mbele yako kuna mkokoteni wa vitenge na nyuma yako kuna fuso inashusha mizigo. Hapo hapalaliwi chini ya gari. Kama huna stendi na pahala pagumu palipo sawa, na hutaki kwenda Gerezani, basi nenda kituo cha mafuta chenye shimo au lifti. Na kama hata hilo hulitaki na umebaki na mawili tu, kunyonya kwa juu au kulala chini ya jeki, nyonya. Sitaki kusikia habari zako kwenye redio. Filta utaenda kufungiwa siku yoyote kwenye shimo.

Kwa kweli nikiangalia vizuri, mtu ambaye pampu ingemfaa zaidi ni huyo huyo fundi mliyeinunua ili mumkimbie. Anamwaga oili magari mangapi kwa siku? Kila moja inamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, ya moto, bila glavu. Oili iliyotumika imebeba masalia ya moshi wa injini, na ukiigusa kila siku miaka nenda rudi ngozi inalipa, mpaka saratani ya ngozi imo kwenye hesabu. Likija Benz au Forester lenye filta juu, dogo angesimama, anyonye, abadilishe, amalize, mikono misafi, mgongo haujagusa tope. Zile baby walker ziende kwenye shimo. Bei ya pampu moja kwa gereji yenye mafundi sita, wakichanga wanaipata kabla ya mchana. Lakini wamenuna kwa sababu aliyeileta ni staa na aliileta kwa kuwatukana. Ningekuwa mimi ndiye fundi ningenuna pia, afu jioni ningeenda kuinunua.

Kuna kitu kimoja ambacho klipu ilikatwa kabla hakijaonekana, na hiki ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Ile chupa iliyojaa oili nyeusi ilienda wapi?

Fundi wa Gerezani, pamoja na uchafu wake wote, na ni kweli anamwaga nyingine chini, ana pipa. Oili chafu mjini ni bidhaa. Kuna anayeinunua akapake mbao za paa zisiliwe na mchwa, kuna fundi ujenzi anayeipaka kwenye mbao za kumwagia zege zisigande. Sisemi matumizi yote haya ni salama, mengine hayana usalama wowote. Nasema ina mwenyewe, ina pa kwenda. Wewe wa ghorofa ya nne una nini? Una dumu la lita tano kwenye balkoni, karibu na kamba ya nguo. Wiki mbili mke anauliza. Wiki ya tatu usiku unashuka nalo taratibu, unaangalia kushoto na kulia, unafunua mfuniko wa mtaro.

Ule mtaro unaenda wapi? Kariakoo haipo hewani. Upande mmoja maji yanashuka Jangwani kwenye mto Msimbazi, huo huo unaofurika kila masika mpaka mwendokasi inasimama, maji yanaingia vyumbani kwa watu yakiwa na rangi zote, afu yanamalizia baharini kwenye daraja la Selander. Upande mwingine yanashuka mkondo wa Gerezani, yanaingia bandarini. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, siku zote linasema oili ya servisi moja ya gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Hiyo ni karibu lita milioni 3.8, kutoka kwenye kidumu chako kimoja. Watu wa Jangwani na Mchikichini wanalala na hayo maji, watoto wanayachezea.

Na sheria ipo. Oili iliyotumika ni taka hatarishi, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Basel unaozitaja, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na anayekusanya hizi taka kibiashara anatakiwa awe na kibali. Ila hebu niambieni, mtu wa kawaida anayemwaga oili nyumbani anaambiwa apeleke wapi? Duka linalokuuzia pampu halikuulizi. Duka linalokuuzia oili lita nne halipokei lita nne chafu. Kama kuna mahali pa kuanzia, ni hapo: anayeuza apokee. Chupa ile ile, pipa nyuma ya duka, mwenye kibali apite achukue. Mastaa wanaolipwa kutangaza oili kwenye mabango wangeisemea hiyo hata sekunde kumi, ningewapigia makofi kwa mikono miwili na kofia ningevua.

Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, ukiamua kunyonya, haya yafanye kabla hata hujalipia pampu. Fungua boneti uitafute filta yako. Ukiiona imekaa juu, endelea na safari ya duka. Usipoiona, ulizia iko wapi, na ukiambiwa iko chini rudisha hela mfukoni ununue filta na washa, uende kwenye shimo. Kilomita zako usizivutevute, foleni ya Dar gari linawaka saa nzima halijatembea kilomita kumi, na hiyo kilomita haihesabu. Kila 5,000 inatosha, usisubiri 10,000 kwa sababu chupa imeandika hivyo kwa watu wa barabara nyeupe. Na ukishanyonya, ile oili irudishe kwenye chupa ile ile uliyonunulia mpya, ifunge, ipeleke kwa fundi mwenye pipa. Usiichanganye na maji, petroli wala mafuta ya breki, maana iliyochanganywa hata mpaka mbao anaikataa.